Wahindi na Washihiri wa Mji Mkongwe

Karne ya 19, jamii zote mbili zilifika Unguja kwa pepo za kaskazi, ila hazikuanzia mahali pamoja. Nyuma ya wafanyabiashara wa Kihindi palikuwa na mitaji ya Kutch na Bombay: nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Sultani na kukopesha misafara ya pembe. Washihiri wengi walitoka Hadhramaut mikono mitupu, wakawa mahamali bandarini na wauza kahawa.

Wapo wasemao tofauti ilikuwa bidii. Hoja hiyo haisimami: hamali hakukosa bidii, alikosa mkopeshaji, nao Wahindi wengi walibaki mafundi na wenye viduka. Tena mali haikuwa kipimo pekee cha hadhi. Kwa dini na ndoa, Washihiri waliingia upesi zaidi katika jamii ya Waswahili, na mwanachuoni wa asili yao, Sayyid Ahmad bin Sumeit, akawa kadhi wa Zanzibar.