Mtu Aliyetia Sahihi kwa Mstari

 

Leo twaenda Bara Hindi, kusini kabisa, katika nchi ya Watamil. Wahindi ambao wengi wetu tumewazoea katika miji ya Afrika ya Mashariki asili yao ni Gujarati na Punjabi. Watamil ni watu wengine, wenye lugha yao na mahekalu yao. Huko, katika mji mdogo wa Tiruchuli, alizaliwa tarehe 30 Desemba 1879 mtoto aliyeitwa Venkataraman, ambaye baadaye alijulikana mbali kwa jina la Ramana Maharshi. Alifundisha kwamba fadhaa ya binadamu hutokana na kujishika kuwa "mimi fulani, mwana wa fulani", na kwamba mwenye kujiuliza kwa dhati "mimi ni nani?" huifikia amani. Neno hili ni zuri. Lakini mwanafunzi wa historia hatosheki na neno zuri. Hutaka kujua lilipokutana na mama mwenye kulia, na wezi, na korti, lilikuwaje.

Baba yake alikuwa mtetezi wa kesi. Alifariki mwaka 1892, kijana akachukuliwa na baba yake mdogo katika mji wa Madurai, akasoma shule ya wamisionari wa Kimarekani. Hakuwa hodari wa vitabu, alipenda michezo. Kisha, mnamo Julai 1896, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa peke yake chumbani, mzima wa afya, hofu ya kufa ikamshika ghafula. Hakukimbia kumwita daktari. Alilala chini, akaukakamaza mwili kama maiti, akafumba mdomo, akajiuliza: mwili huu sasa umekufa, utachukuliwa ukachomwe, je, mimi nami nimekufa? Akaona kwamba yule anayejua habari za mwili si mwili. Hofu ikamtoka, naye alisimulia baadaye kwamba haikumrudia tena.

Wiki chache baadaye, tarehe 29 Agosti, alikuwa akinakili sarufi ya Kiingereza mara tatu, adhabu ya mwalimu. Akavisukuma vitabu kando, akafumba macho. Kaka yake alimkemea kwamba mtu wa namna hiyo vitabu vya nini. Kijana akaona kaka amesema kweli. Akaaga kwa hila, akisema ana kipindi shuleni. Kaka akamwambia achukue rupia 5 akamlipie ada. (Ni rupia zile zile za Kihindi zilizotumika hata pwani yetu siku hizo.) Alichukua 3 kwa nauli, akaziacha 2 pamoja na barua. Ningependa muiangalie barua hiyo. Mwanzoni anajitaja kwa neno "mimi". Mistari michache mbele amekwisha kuliacha, anajiita "hiki", kama mtu anayetaja kitu kilicho mezani. Na mwisho, mahali pa jina, hakuandika jina. Alipiga vistari tu.

Akapanda gari la moshi, akatembea kwa miguu, akaweka rehani vipuli vyake vya dhahabu kwa rupia 4, na tarehe 1 Septemba 1896 akafika Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, ambao Wahindu wa huko huuona kuwa ni Mungu mwenyewe. Alinyolewa kichwa, akatupa ziwani fedha zilizosalia, akaukata uzi wa begani ambao ndio alama ya Mbramini, mtu wa daraja la juu kabisa. Ndugu zangu, fedha hupatikana tena. Uzi ule ulikuwa kabila lake, ukoo wake na heshima yake. Tangu siku hiyo hakutoka mji ule mpaka kufa, karibu miaka 54.

Mwanzoni alikaa katika shimo la giza ndani ya hekalu, wadudu wakamla mapaja asijitingishe, mpaka watu wakamtoa kwa kumbeba. Jambo hili hupendwa sana na wasimuliaji. Mimi naliona dogo. Kujitesa mwili wako mwenyewe si kazi kubwa kama kuyakabili machozi ya mzazi.

Mwaka 1898 mama yake, Alagammal, alimgundua, akaja pamoja na mwana mkubwa. Alimsihi siku kadhaa arudi nyumbani. Kijana alinyamaza. Alipobanwa sana akaandika kwenye karatasi maneno machache ya jumla, kwamba lililoandikwa kuwa litakuwa, na lisiloandikwa halitakuwa. Mama akaenda zake akilia. Wako waandishi wanaoisifu habari hii bila ya kusita, mimi siwezi. Amani ya mmoja siku ile ililipiwa na mwingine. Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1916 mama alirudi kukaa naye mlimani, akawa anawapikia watu wa pale. Alipokuwa akifa, tarehe 19 Mei 1922, mwanawe aliketi kando yake saa nyingi, mkono mmoja kifuani pake na mmoja kichwani, asiondoke. Alizikwa chini ya mlima, na mwana akahamia karibu na kaburi lile. Makao yaliyojulikana baadaye kwa jina la Sri Ramanasramam yalianzia hapo, kwenye kaburi la mama.

Sasa mafundisho yenyewe. Mwaka 1902 alikuja kwake karani wa idara ya kodi, Sivaprakasam Pillai, na maswali yake. Ramana wakati huo hakuwa akisema, akajibu kwa kuandika. Majibu yale yalichapishwa mwaka 1923, na kitabu chake kidogo kinaitwa kwa Kitamil *Nan Yar*, yaani "Mimi ni Nani". Njia yake ni hii. Wazo likija, la hasira au la wasiwasi, usishindane nalo. Uliza: limemjia nani? Utajibu, limenijia mimi. Basi uliza, huyo "mimi" ni nani? Usijibu kwa maneno, maana kila jibu la maneno ni wazo jingine. Utazame "mimi" anatokea wapi, mpaka anyamaze. Hakumtaka karani aache kazi wala mke. Na yeye mwenyewe, miaka ya baadaye, aliamka alfajiri kukata mboga jikoni pamoja na wapishi.

Usiku wa tarehe 26 Juni 1924 wezi waliingia, wakampiga fimbo pajani. Mfuasi mmoja alishika chuma awaendee, Ramana akamzuia. Wezi walipata vitu vya thamani ndogo mno.

Korti ilikuwa shida kubwa zaidi kuliko wezi. Mfuasi mmoja wa zamani alidai kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kuyasimamia makao, na mwezi wa Novemba 1936 Ramana alihojiwa pale pale alipokaa. Sheria ya Kihindu ilitaka kujua yumo katika hali ipi ya zile nne za maisha, kuanzia mwanafunzi hadi mtawa. Alijibu kwamba yuko nje ya zote nne. Aliulizwa imekuwaje aliyeacha nyumba awe na mali. Akasema hakuitafuta, imeletwa, naye haipendi wala haichukii. Imepewa nani? Imepewa Swami, awaye yote; na ulimwengu huuita mwili huu Swami. Mimi hupenda habari hii kuliko vitabu vyote vya sifa, maana hapa alijibu wanasheria, si wafuasi wanaoitikia kila neno.

Tena tusifiche jambo. Katika chumba cha kulia cha makao yale, Wabramini walikaa upande wao na wengine upande wao. Yeye aliketi mahali pa kuonekana na pande zote mbili. Aliyeukata uzi wake hakuwalazimisha wengine kukata zao.

Mwaka 1938 ikaonekana lazima pawe na wosia, kesi zisirudi. Mali iliwekwa wakfu kwa hekalu lililojengwa juu ya kaburi la mama, isimamiwe na mdogo wake na wazao wa ukoo. Hati ikasomwa mbele yake, akaikubali. Akatakiwa atie sahihi, lakini hakuwa na jina la kuandika. Alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja, na mashahidi wakatia majina yao.

Ugonjwa wa saratani ulimtokea mkono wa kushoto. Alipasuliwa mara kadhaa, lakini mkono usikatwe, akakataa. Wageni waliendelea kuingia kumwona mpaka jioni ya mwisho, tarehe 14 Aprili 1950, alipofariki saa 2 na dakika 47 za usiku.

Vikundi vya kusikiliza: kabla ya somo lijalo, kila mmoja achukue karatasi aandike yeye ni nani, bila ya kutaja jina, kabila, dini, kazi wala watoto wake. Mje na karatasi hizo, hata kama ni tupu. Kwaherini.