Ndooni, Njooni, Kujeni

Msomaji mpenzi, ukitoka Bofu asubuhi ukateremka hadi kivukoni Likoni, simama kidogo usikilize jinsi watu wanavyoitana. Mama mwenye lafudhi ya Kimvita awaita wanawe wasiachwe na feri: "Ndooni!" Mwalimu mwenye kundi la wanafunzi asema, "Njooni!" Na kijana aliyeshuka pwani kutoka bara kutafuta kazi awahimiza wenziwe, "Kujeni!" Wote watatu wataka jambo moja, na wote wafahamika. Lakini ukiyaandika maneno hayo katika karatasi ya mtihani, moja tu ndilo litakalopata alama. Wengi hudhani kwamba hilo ndilo Kiswahili, na hayo mengine mawili ni makosa ya ndimi. Nakuomba tuitazame historia kabla ya kuhukumu.

Yaangalie kwanza yale wanayoshirikiana. Yote matatu yaishia kwa silabi moja, "ni", nayo ndiyo imwambiayo msikilizaji kwamba haitwi peke yake. Silabi hii ni ya kale mno, wala haikubuniwa Mombasa wala Unguja. Mzulu wa Afrika Kusini amwambia mtu mmoja "hamba", yaani nenda, na wakiwa wengi asema "hambani". Waswahili wameipenda hata wakaipachika kwenye maneno yasiyo vitenzi: karibuni, kwaherini, asanteni, shikamooni. Hata neno "twende", ambalo tayari lina wengi ndani yake, huongezewa likawa "twendeni". Basi kijana wa bara asemaye "kujeni" ameishika kanuni ya wingi barabara. Alilokosa ni kujua kwamba kitenzi "kuja" kina amri yake ya pekee.

Ama mama asemaye "ndooni" hakukosa kitu. (Wala hamwombi mtu chombo cha kutekea maji, sikio la Mvita huzipambanua "ndoo" hizo mbili kwa namna ulimi unavyogusa meno.) Yeye asema kama wasemavyo watu wa kwao: ndia, si njia, nti, si nchi, mato, si macho. Lugha hiyo ndiyo aliyoitungia mashairi yake Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, ndiyo aliyojifunza, na kamusi yake ikachapwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Lakini Edward Steere alikwenda Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 kikafuata lafudhi ya mji ule. Tangu hapo kukawa na Kiswahili cha namna mbili katika vitabu, na kila upande ukawa na watetezi wake.

Serikali za kikoloni zilitaka vitabu vya shule vya aina moja. Mwaka 1928 wajumbe walikutana kuchagua lahaja ya kufundishia, wakachagua Kiunguja, kwa sababu misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukieneza bara hadi Kongo. Na mkutano huo, msomaji, ulifanyika Mombasa! Shauri la kukiweka Kimvita kando lilikatwa katika mji wenyewe wa Kimvita. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, nayo ikawa na kazi ya kuvikagua vitabu. Mwanzoni wenyeji wenye lugha hawakuwa na viti humo.

Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kipumbavu. Kwa sababu yake mtoto wa Bofu husoma bila taabu kitabu kilichochapwa Dar es Salaam. Nilaumulo ni yale yaliyofuata, kwani jambo lililochaguliwa kwa manufaa lilifundishwa kana kwamba ni haki dhidi ya kosa, na vizazi vya watoto wa Mombasa vikasahihishwa kwa wino mwekundu kwa kuandika lugha ya mama zao.

Hata hicho kilichosanifiwa kina tundu. Nikisema "nawaambia", je, nawaambia ninyi au nawaambia wao? Neno halijui. Watu wa pwani na visiwani wameliziba tundu hilo kwa silabi yetu ileile: wengine husema "nawaambieni", wengine "nakuambieni". Yako masikio ya walimu yaumizwayo na hilo la pili, lakini mimi naliona ni la akili, kwani "wao" hawawezi kuingia humo.

Waingereza waliosimamia usanifishaji huo nao walikuwa na tundu kama hilo nyumbani kwao. Zamani walimwambia mmoja "thou", na wengi "ye" au "you". Kisha, kwa adabu, wakaanza kumwambia mkubwa mmoja "you", kama Wafaransa na "vous" yao, hata "thou" ikatoweka katika usemi wa wengi. Katika karne ya 18 watu walijaribu kutenganisha tena kwa kusema "you was" kwa mtu mmoja na "you were" kwa wengi; Robert Lowth akaikemea "you was" katika sarufi yake ya mwaka 1762. Lakini haja haikufa. Liverpool na Glasgow husikika "youse", na kusini mwa Marekani "y'all".

Adabu hiyo ya kumwita mmoja kwa wingi ipo pia karibu nasi. Muganda amwamkia mzee mmoja "mwasuze mutya", kwa kiambishi cha wengi. Sisi twaonyesha heshima zaidi kwa shikamoo na kwa majina ya ukoo: baba, mama, bibi, mjomba. Lakini kila asemaye "Assalamu alaykum" kwa mtu mmoja ametumia wingi, maana "kum" ni ninyi.

Katika mtihani andika "njooni", kwa maana ndilo lililokubaliwa. Jioni, bibi akisimama mlangoni Bofu na kuita, "Ndooni, chakula ki tayari," wajukuu wote hunawa mikono.