Gazeti la Faksi na Fumbo la Mauaji: Carlos Cardoso na Metical, Maputo 1996–2007

Utangulizi

Jioni ya tarehe 22 Novemba 2000, Carlos Cardoso, mwanzilishi na mhariri wa gazeti la Metical, alitoka ofisini mwake jijini Maputo kuelekea nyumbani. Akiwa bado karibu na ofisi, katika barabara ya Mártires da Machava, gari lake lilizuiwa na kumiminiwa risasi. Cardoso alifariki dunia. Dereva wake alijeruhiwa vibaya, akanusurika.

Makala haya hayakusudii kusimulia upya maisha ya mwandishi huyo. Kazi hiyo ilifanywa vizuri na Paul Fauvet na Marcelo Mosse katika kitabu chao cha mwaka 2003. Swali letu ni finyu zaidi. Gazeti dogo, lenye chumba cha habari cha watu wachache, lilikuwa na nafasi gani katika kuzaliwa kwa fumbo hili la mauaji, katika kutatuliwa kwake, na katika sehemu yake iliyobaki gizani? Tunalileta swali hili mbele ya hadhira ya Kiswahili kwa sababu historia ya vyombo vya habari vya Msumbiji imeandikwa zaidi kwa Kireno na Kiingereza, ilhali nchi hiyo ni jirani yetu wa damu. Frelimo chenyewe kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na mto Ruvuma haujapata kuwa ukuta.

Mpelelezi wa riwaya na mpelelezi wa gazeti

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana kielelezo chake cha fumbo la mauaji. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, maiti inakutwa mahali pa mzimu, na Bwana Msa anaingia kutoka nje ya tukio, anatazama, anauliza, anafikiri, kisha anamtaja mwenye hatia. Abdulla mwenyewe alifanya kazi ya uhariri wa magazeti kwa miaka mingi, jambo ambalo wahakiki wetu hulitaja kwa kupita tu. Pengine linastahili zaidi ya hapo: udadisi wa Bwana Msa unafanana sana na wa mwanahabari mzuri.

Hata hivyo, kielelezo hicho kina masharti yake. Mpelelezi hauawi. Aliyekufa hakuwa akipeleleza. Na mwenye hatia akishatajwa, kitabu kinafungwa. Kisa cha Maputo kinavunja masharti yote matatu. Aliyeuawa ndiye aliyekuwa mpelelezi, na uhalifu aliokuwa akiupeleleza ulikuwa umetendwa miaka minne kabla ya kifo chake. Kwa hiyo mwanahistoria hawezi kuanza na risasi. Hana budi kuanza na kurasa za gazeti.

Gazeti lisilo na mtambo wa kuchapia

Cardoso alizaliwa Beira mwaka 1951. Alisoma Afrika Kusini, akafukuzwa huko kwa msimamo wake dhidi ya ubaguzi wa rangi, akarejea Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Alikuwa muumini wa mapinduzi, lakini muumini mwenye maswali: mwaka 1982 aliwekwa kizuizini kwa siku kadhaa na serikali ileile aliyoiunga mkono. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 aliliongoza Shirika la Habari la Msumbiji, na baada ya ndege ya Rais Samora Machel kuanguka Mbuzini mwaka 1986, alijishughulisha kwa muda mrefu na kutafuta chanzo cha ajali hiyo.

Katiba ya 1990 na Sheria ya Magazeti ya 1991 zilifungua mlango kwa vyombo huru. Mlango ulifunguka, lakini karatasi, mtambo na magari ya kusambazia vilikuwa ghali mno. Waandishi waliounda ushirika wa Mediacoop mwaka 1992, Cardoso akiwa miongoni mwao, walikuja na jibu rahisi: kurasa chache kila siku ya kazi, zikipelekwa kwa mashine ya faksi kwa wale waliolipia. Hilo lilikuwa Mediafax. Mwaka 1997 Cardoso aliachana na ushirika huo na kuanzisha Metical kwa mtindo uleule.

Tunasisitiza mtindo huu kwa sababu ndani yake mna nguvu na udhaifu wa gazeti hilo. Waliolipia walikuwa wachache: mabenki, mabalozi, wizara, makampuni, mashirika ya wafadhili. Lakini kila nakala ilitolewa kivuli na kupitishwa mkono kwa mkono. Maputo wakati huo ilikuwa na wakazi karibu milioni moja, ila tabaka lililosoma magazeti na kushika madaraka liliishi kama watu wa mji mdogo. Walisalimiana kwa majina, watoto wao walijuana, na aliyetajwa gazetini asubuhi alikutana na mhariri mkahawani mchana. Mhariri wa gazeti la namna hiyo hana pa kujificha, wala habari yake haina. Faksi moja ilitosha kufika mezani kwa waziri.

Metical halikuwa gazeti la uhalifu tu. Liliandika kwa ukali juu ya masharti ya Benki ya Dunia yaliyoruhusu korosho ghafi kusafirishwa nje na kuviacha viwanda vya kubangua vikifungwa. Wasomaji wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa uzito wa suala hilo. Mwaka 1998 Cardoso alichaguliwa pia kuwa diwani wa Maputo kwa tiketi ya kundi la wananchi huru. Mwanahabari aliyeingia baraza la jiji alijiongezea maadui, na baadhi ya wenzake hawakupendezwa na hatua hiyo. Kwa maoni yetu walikuwa na hoja, ingawa haibadilishi chochote katika yaliyofuata.

Uhalifu wa kwanza

Uhalifu uliotangulia ulikuwa wa fedha. Mwaka 1996, katika mkesha wa kubinafsishwa kwa Banco Comercial de Moçambique, fedha za thamani ya dola za Marekani milioni 14 hivi zilichotwa kupitia tawi moja la benki hiyo jijini Maputo. Mbinu haikuwa na ustadi mkubwa: hundi zisizo na fedha nyuma yake zilipokewa kana kwamba ni halali, na kiasi kilichoandikwa kikatolewa. Meneja wa tawi, Vicente Ramaya, na watu wa familia ya Abdul Satar walitajwa mapema. Kilichokosekana hakikuwa majina. Kilichokosekana ni kesi, kwani faili lilikaa kwa miaka katika ofisi za waendesha mashtaka bila kufika mahakamani.

Cardoso aliandika juu ya faili hilo tena na tena, akitaja tarehe, kiasi na watu. Hapa ndipo upelelezi wa gazeti unapotofautiana na wa riwaya. Hakuwa akitafuta asiyejulikana. Alikuwa akiuliza kwa nini anayejulikana hashtakiwi, na swali hilo lilielekea kwa dola kuliko kwa wezi. Novemba 1999 wakili wa benki hiyo, Albano Silva, alinusurika jaribio la kuuawa. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa zamu ya mhariri.

Hema la Machava

Watuhumiwa sita walikamatwa, na kesi ikaanza Novemba 2002 mbele ya Jaji Augusto Paulino. Ilisikilizwa ndani ya hema kubwa lililosimikwa katika eneo la gereza lenye ulinzi mkali, na taifa liliifuatilia kwa redio na televisheni siku baada ya siku. Tarehe 31 Januari 2003 wote sita walitiwa hatiani: watatu kama watekelezaji na watatu kama waliotoa amri na fedha, yaani Ramaya na ndugu wawili, Ayob na Momade Assif Abdul Satar. Vifungo vilizidi miaka 20 kwa kila mmoja. Kesi ya fedha za benki yenyewe ilipata hukumu yake mwaka 2004. Mauaji, kwa maneno mengine, yalihukumiwa kabla ya wizi uliosababisha mauaji.

Kiongozi wa watekelezaji, Aníbal dos Santos Júnior, aliyejulikana kama Anibalzinho, hakuwamo hemani. Alikuwa ametoroka gerezani Septemba 2002, akahukumiwa bila kuwapo, akarudishwa kutoka Afrika Kusini karibu na siku ileile ya hukumu. Mwaka 2004 alitoroka tena, akafika Kanada, akarudishwa. Katika kesi ya marudio alihukumiwa Januari 2006 kifungo cha karibu miaka 30, na mwishoni mwa 2008 akatoroka mara ya tatu kabla ya kukamatwa mwaka uliofuata. Mfungwa mmoja kutoka mara tatu katika ulinzi wa dola ni ushahidi wa kihistoria kwa haki yake, hata kama hakuna shahidi aliyeapishwa kuueleza.

Mbele ya jaji lilitajwa pia jina la Nyimpine Chissano, mwana wa rais aliyekuwa madarakani. Aliitwa kutoa ushahidi, akakana kuhusika. Jalada tofauti lilifunguliwa, lakini alifariki Novemba 2007 kabla ya shauri lolote dhidi yake kusikilizwa. Mwanahistoria hana mamlaka ya kutoa hukumu ambayo mahakama haikuitoa, na makala haya hayaitoi. Tunachoweza kusema ni kwamba swali liliulizwa hadharani, likarekodiwa, na halikujibiwa.

Benki nyingine, maiti nyingine

Ili kupima mchango wa gazeti, inafaa kuweka kando ya kisa hiki kingine cha jiji lilelile. Agosti 2001 António Siba-Siba Macuácua, mchumi wa Benki Kuu aliyekabidhiwa kwa muda uongozi wa Banco Austral iliyokuwa imefilisika, aliuawa ndani ya makao makuu ya benki hiyo. Alikuwa akidai madeni kutoka kwa wakopaji wenye majina makubwa. Katika kifo chake hakuna mtu aliyetiwa hatiani.

Tofauti ya matokeo ina sababu zaidi ya moja. Mjane wa Cardoso, Nina Berg, wakili raia wa Norway, hakunyamaza, na nchi wafadhili zilikuwa na sababu ya kusikiliza. Lakini naona sababu moja imepuuzwa na wachambuzi. Siba-Siba alifanya kazi yake ndani ya ofisi, na aliyoyajua yalikuwa katika mafaili ya benki. Cardoso alikuwa ametawanya aliyoyajua kila siku ya kazi, kurasa zikiwa na tarehe, katika kabati za ofisi nyingi ambazo hakuna mtu angeweza kuzipekua zote. Sababu inayowezekana ya kifo chake ilikuwa imechapishwa kabla ya kifo chenyewe. Waandishi wa magazeti mengine waliendelea kutoka hapo.

Kifo cha gazeti

Metical lilimzika mhariri wake na kuendelea kutoka, Marcelo Mosse akiwa miongoni mwa walioliendeleza. Lilidumu mwaka mmoja tu. Nyimpine Chissano alilifungulia shauri la kashfa, na hapo ukaonekana udhaifu wa gazeti lililokuwa mali ya mtu mmoja. Mmiliki akiwa marehemu, mzigo wa fidia ungewaangukia warithi wake, nao walikuwa watoto wadogo. Mwishoni mwa 2001 gazeti lilifungwa. Kesi ya mauaji ilipoanza miezi kadhaa baadaye, gazeti lililouanza upelelezi halikuwa na mwandishi hata mmoja ndani ya hema.

Washauri wa sera katika kanda yetu hujadili ulinzi wa wanahabari kwa lugha ya walinzi, namba za dharura na mafunzo ya usalama. Mambo hayo yana maana. Lakini katika kisa hiki risasi haikulifunga gazeti. Lilifungwa na hati ya madai pamoja na sheria ya mirathi. Magazeti mengi madogo ya wilayani katika nchi zetu yamesajiliwa kwa jina la mtu mmoja, hayana mfuko wa utetezi wa kisheria, na majalada yake ya habari yamo katika kompyuta ya mhariri nyumbani kwake. Usajili kwa jina la ushirika au wakfu, kikomo cha fidia ya kashfa baada ya kifo cha mhariri, na nakala za majalada kuwekwa chuoni au kwenye maktaba ya taifa ni hatua zinazoweza kuandikwa katika kanuni bila kusubiri bajeti mpya.

Ramaya aliachiliwa mapema, akauawa kwa risasi Maputo mwaka 2014. Mwaka huohuo Momade Assif Abdul Satar alitoka kwa masharti, akaondoka nchini, akakamatwa Thailand mwaka 2018. Jalada lililofunguliwa pembeni ya kesi ya Machava halijapata hukumu.