Linksi: paka aliyebaki chini ya mia moja, na jinsi alivyorudishwa

Habari za wanyama wa porini zikizungumzwa hapa kwetu, haziendi mbali kabla hazijafika kwa tembo, simba na mtalii. Leo nataka tumzungumze mnyama ambaye hayumo kabisa katika misitu yetu: linksi, paka wa mwituni anayeishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2002 linksi wa Hispania na Ureno walikuwa hawafiki 100 duniani kote. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu 2,401. Wanyama waliofika ukingoni namna ile kisha wakarudi ni wachache mno, na sisi tunaoishi jirani na wanyama wa kuhesabika tuna la kujifunza katika njia waliyorudia.

Linksi ni nani

Linksi ni mkubwa kuliko paka wa nyumbani na mdogo kuliko chui. Hutambulikana kwa mambo matatu: mkia mfupi kama uliokatwa, vishungi vya nywele nyeusi juu ya masikio, na ndevu za mashavuni zinazoning'inia pande zote mbili. Huishi peke yake, huwinda zaidi machweo na alfajiri, na hutegemea kuvizia kuliko kukimbiza.

Wako wa aina nne. Linksi wa Ulaya na Asia ndiye mkubwa kuliko wote. Anapatikana kutoka Skandinavia hadi Siberia, na huweza kuangusha mnyama wa kadiri ya paa. Linksi wa Kanada ana nyayo pana zenye manyoya, zinazomzuia asizame thelujini, na riziki yake ni sungura wa theluji. Bobkati anaishi kutoka kusini mwa Kanada hadi Meksiko, naye ndiye anayejua kula kila kinachopatikana. Wa nne ni linksi wa Iberia, yaani rasi ya Hispania na Ureno. Huyu ni mwenye madoa mengi, na uzito wa dume ni kilo 13 hivi.

Huyo wa Kanada alishawapa wataalamu somo kubwa. Kampuni ya Hudson's Bay ilinunua ngozi za wanyama kwa miaka mingi na kuandika hesabu zake. Mtaalamu wa Kiingereza Charles Elton alipozichambua daftari hizo aliona kwamba linksi huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kumi hivi, nyuma ya sungura. Sungura wakijaa, linksi huzaa. Wakipukutika, linksi hufa njaa. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya linksi, tazama kwanza hali ya chakula chake.

Na simbamangu je?

Najua wako watakaouliza: mbona simbamangu wetu naye ana vishungi masikioni? Swali ni zuri. Wazungu wa zamani walimwita linksi wa Uajemi au wa jangwani, na wataalamu waliwahi kumweka katika kundi moja na linksi. Lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni mondo na paka wa dhahabu wa misitu ya Afrika. Simbamangu hana ndevu za mashavuni, hana madoa, na mkia wake ni mrefu kidogo. Jina analoitwa na Wazungu, karakali, limetoka katika Kituruki na maana yake ni sikio jeusi. Yuko Tsavo, na ng'ambo yuko katika milima ya Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa. Kwa hivyo kufanana ni kwa sura tu, udugu hakuna.

Kilichomwangusha linksi wa Iberia

Linksi huyu ana udhaifu mmoja: hula sungura, na karibu hali kingine. Mtu mzima anahitaji sungura mmoja kwa siku. Jike mwenye watoto hufika watatu. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Ufaransa, Paul-Félix Armand-Delille, aliingiza virusi vya miksomatosi katika shamba lake ili awamalize sungura waliokuwa wakimsumbua. Ugonjwa haukujua mpaka wa shamba wala wa nchi. Ulienea Ulaya, ukaingia Hispania, ukaua sungura kwa mamilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja ugonjwa wa pili, wa kuvuja damu, ukawamaliza waliosalia sehemu nyingi. Mtu mmoja aliyetaka kuokoa shamba lake alisaidia kumnyima chakula paka wa nchi nyingine, aliyekuwa hamjui wala hamfikirii.

Juu ya njaa kulikuwa na mengine. Vichaka vya asili vilikatwa kupisha mashamba na miti ya mbao. Kwa muda mrefu linksi alihesabiwa miongoni mwa wanyama waharibifu, akiuawa kwa mitego na bunduki, hadi sheria ya Hispania ilipomlinda mwaka 1973. Kisha zikaja barabara. Ilipofika 2002 walikuwa wamebaki katika sehemu mbili tu za kusini mwa Hispania: Doñana, karibu na bahari, na milima ya Sierra Morena upande wa Andújar.

Alivyorudishwa

Kazi ilianza kwa kuhesabu. Kamera zinazojipiga zenyewe ziliwekwa vichakani, na kwa kuwa madoa ya kila linksi ni tofauti, kama alama za vidole vya mtu, kila mmoja alijulikana na kuandikwa. Hesabu ya kweli ilitoka, tena ilitisha.

Jambo la pili lilikuwa chakula. Sungura waliongezwa, wakatengenezewa mashimo ya kuzalia, na vichaka vikaachwa viote.

Jambo la tatu ni kuzalisha wanyama katika vizimba. Machi 2005, katika kituo cha El Acebuche huko Doñana, jike aitwaye Saliega alizaa watoto watatu, wa kwanza wa aina yake kuzaliwa mikononi mwa binadamu. Mmoja akauawa katika ugomvi na nduguye. Waangalizi walikuja kufahamu kwamba watoto wa linksi wakifika wiki sita au saba hushikana kwa ukali, na kwamba lazima wachungwe wakati huo. Vituo vingine vilifuata, kikiwemo cha Silves huko Ureno mwaka 2009. Tangu 2010 linksi wapatao 400 wamefunguliwa katika maeneo waliyokuwa wametoweka. Wale wa Doñana na wa Sierra Morena pia walichanganywa, maana idadi ilivyokuwa ndogo ndivyo nasaba ilivyofinyaa.

Jambo la nne ndilo ninalotaka msomaji alizingatie zaidi. Sehemu kubwa ya ardhi ya linksi si hifadhi ya serikali. Ni mashamba ya watu binafsi, mengi yao ya uwindaji. Kumrudisha linksi bila ridhaa ya wenye mashamba kungekuwa ni kumpeleka machinjioni. Ikabidi watu wakae vikao. Mikataba ikaandikwa na wenye ardhi na vyama vya wawindaji, nani atafanya nini na nani hatafanya nini. Mwindaji aliyekuwa akimwona linksi kama mwizi wa sungura wake akaelezwa jambo ambalo wengi hawakulijua: linksi hawavumilii mbweha katika eneo lake, na mbweha wakipungua sungura hupata nafuu.

Matokeo yako wazi. Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, ulimtoa linksi wa Iberia kutoka daraja la walio katika hatari kubwa kabisa mwaka 2015, na Juni 2024 ukampandisha tena daraja. Kutoka wazima 62 mwaka 2001 walikuwa wamefika 648 mwaka 2022.

Hata hivyo mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Magari bado yanaua linksi wengi kila mwaka, sungura wanapungua tena katika baadhi ya maeneo, na ugonjwa mmoja ukiingia unaweza kuleta msiba. Mwaka 2007 virusi vya leukemia ya paka viliua kadhaa huko Doñana, tena kwa muda mfupi. Linksi ametoka shimoni, nyumbani hajafika.

Pale watu waliporukwa

Linganisha na kisa cha Uskoti. Linksi alitoweka Uingereza karne nyingi zilizopita, na wako wanaotaka arudi. Mazungumzo na wafugaji wa kondoo ni magumu na yanakwenda polepole. Januari 2025 mtu au watu wasiojulikana wakaamua kukata njia: linksi wanne walikutwa wameachwa katika milima ya Uskoti, kinyume cha sheria, katikati ya baridi. Walinaswa ndani ya siku chache na mmoja akafa. Wafugaji wakapata sababu mpya ya kutowaamini wahifadhi, na wahifadhi waliokuwa wakijadiliana kwa subira ndio waliobeba lawama.

Kwetu sisi

Hapa ndipo linapotuhusu. Jirani yetu, Garissa na mpakani mwa Lamu na Tana River, yuko hirola, ambaye duniani kote hawafiki 500. Hana kwao kwingine ila upande huu na Somalia. Mwaka 2012 hirola 48 waliwekwa ndani ya uzio usiopitisha simba wala fisi katika hifadhi ya Ishaqbini, juu ya ardhi ya jamii, na wameongezeka. Huo ni mwanzo mwema, lakini uzio ni kama vizimba vya El Acebuche: unanunua muda tu. Nje ya uzio kuna malisho, ng'ombe, ukame, na wenyeji wenye haki ya kuulizwa.

Mara nyingi Pwani ubao wa hifadhi husimamishwa kwanza, kikao na wenyeji kikafuata baadaye, tena cha kupewa taarifa. Halafu mwenyeji akilalamika anaitwa adui wa mazingira. Maoni yangu ni kwamba Hispania imeonyesha kinyume chake, kwa takwimu. Paka aliyebaki chini ya mia alirudi kwa sababu mwenye shamba aliketishwa mezani kabla ya kizimba kufunguliwa. Anayetaka hirola aendelee kuwepo, au simbamangu asiuawe kwa sumu kila anapokamata mbuzi, aanze na mfugaji. Azungumze naye juu ya malisho, juu ya fidia na juu ya barabara, kisha ndipo ampelekee ramani.