Shreda Yetu Ilipopata Joto

Kuna siku nilinunua njugu za mbao pale steji, nikamaliza kula, halafu nikafungua ile karatasi zilifungiwa. Ilikuwa karatasi ya mshahara ya mtu. Jina, nambari ya kitambulisho, akaunti ya benki, mpaka makato ya mkopo. Huyo msee hanijui, lakini mimi najua deni lake. Tangu hapo nikaanza kumsumbua mathe tununue shreda, na mwaka jana tukapata moja ya mtumba kutoka kwa ofisi iliyokuwa inafungwa.

Hii mashine si ya juzi, btw. Abbot Augustus Low wa New York alisajili uvumbuzi wa kukatakata karatasi taka mwaka wa 1909, lakini haukutengenezwa. Iliyofanya kazi ilitoka Ujerumani mwaka wa 1935. Inasimuliwa kwamba Adolf Ehinger alikuwa ametupa karatasi za kupinga Wanazi kwenye takataka, jirani akaziona, akatisha kumripoti. Ehinger akaangalia kile kimashine cha jikoni cha kukata tambi kwa mkono, akaunda chake cha kukata karatasi. Yaani shreda ni mtoto wa tambi.

Shida ya tambi ni kwamba unaweza kuzipanga tena. Novemba 1979 wanafunzi walivamia ubalozi wa Marekani kule Tehran, na wafanyakazi wa ubalozi walikuwa wamepitisha siri zao kwa mashine za kukata mistari mirefu. Wairani wakakaa chini na ile mistari, wakisaidiwa na wafumaji wa mazulia, wakaiunganisha mmoja mmoja, kisha wakachapisha vitabu kadhaa. Ndiyo maana ukinunua yako, achana na ya mistari. Tafuta ya kukata vipande vidogo. Ikiwa imeandikwa P-4, kila kipande hakizidi milimita 160 za mraba, na hapo mtu wa njugu hana bahati.

Yetu iko mbali na soketi ambayo sista mdogo anafikia, na haiachwi kwa stima kama hakuna anayeitumia. Vidole vya mtoto ni vyembamba, vinapita pale karatasi inapita. Mimi nina dreads, kwa hivyo nazifunga nyuma kabla niiname. Ikikwama, bonyeza ya kurudisha nyuma kwanza, na kama bado, chomoa plagi ndipo uguse kitu. Mafuta ni matone machache kwa karatasi moja, unaipitisha, basi. Yale ya kupuliza kutoka kwa kopo usijaribu, gesi yake inashika moto na ndani kuna mota yenye cheche. Pia umwage pipa kabla lijae, kwa sababu vipande vikifika kwa meno vinarudi juu na kuziba.

Na hizi za nyumbani huchoka. Zinakata dakika chache, zinapata joto, zinajizima, na lazima uzipumzishe. Hiyo ndiyo ilituokoa.

Guka alipoaga, katoni ya karatasi zake ilikuja kutoka ushago pamoja na cucu. Cucu alisema zinaleta mende, tuzimalize. Nikaanza kulisha mashine bila hata kusoma: risiti za kahawa, barua za chama cha ushirika, chochote. Taa nyekundu ikawaka, ikazima. Nikabaki nimekaa na karatasi moja mkononi, na kwa kuboeka nikaisoma. Ilikuwa pasi ya kusafiri ya 1955, wakati wa Hali ya Hatari, yenye jina la guka, ambalo ndilo langu.

Nikampelekea cucu. Huniita mume wangu, kwa sababu ya hilo jina. Aliishika muda mrefu.

“Mume wangu, bila hii hungevuka hata mto kwenda kwa mamako.”

Hajawahi kuniambia hiyo stori. Na mimi nilikuwa nimeshakata nusu ya katoni.

Hapo ndipo nilikumbuka ile waliita Operation Legacy. Mwaka wa 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya za makoloni zisiachiwe karatasi ambazo zingeiaibisha serikali yake au kuwafichua watoa habari wake. Hapa Kenya faili zilitengwa, na zile nyeti ziliruhusiwa kushikwa tu na Mwingereza wa asili ya Ulaya. Nyingine zilichomwa. Maagizo yalisema hata majivu yapondwe, na kama ni kutupa baharini, masanduku yawekwe uzito na yazame kwa maji yenye kina, mbali na pwani.

Nyingine zilisafirishwa. Wazee wa Mau Mau waliposhtaki kule London mwaka wa 2009, serikali ya Uingereza ilibanwa mpaka 2011 ikakubali kwamba faili kama 1,500 za Kenya ziko kwa hifadhi ya Hanslope Park. Mwaka wa 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Sasa fikiria kama zile pia zingechomwa. Mzee anasimama kortini, anasema alipigwa kizuizini, anaulizwa ushahidi uko wapi.

Mimi naona hivi: karatasi yangu ya benki ni yangu, naikata. Lakini waliochoma zile faili walikuwa wanachoma maisha ya watu wengine, wakijua. Mimi nilikata ya guka bila kujua, na hiyo bado inaniuma.

Pasi iko kwa foda ya plastiki sasa, nimeipiga picha pande zote mbili. Nusu ya katoni imebaki. Jumamosi cucu atakaa kando yangu na miwani yake, na kila karatasi itapita kwake kwanza.