Makao yanayomfaa buibui tarantula wa mitini

TARANTULA si kiumbe wa aina moja. Jamii hii ya buibui wakubwa wenye manyoya ina zaidi ya spishi 1,000, na kila moja ina desturi yake ya maisha. Wapo wanaochimba mashimo marefu ardhini, kama vile wale wakubwa wa rangi ya kahawia wanaopatikana Kenya na Tanzania. Wapo pia wanaoishi juu ya miti, ndani ya mashimo ya mashina, nyuma ya magome na katikati ya majani waliyoyashikanisha kwa utando.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako ufugaji wa buibui umeenea, wanaoanza hobi hiyo aghalabu huvutiwa na hawa wa mitini kwa sababu ya rangi zao. Hata hivyo, asiyetambua tofauti ya makundi haya mawili humtia buibui wa mitini katika makao ya buibui wa ardhini, na haupiti muda kabla hajampoteza.

Maarufu zaidi ni Avicularia avicularia wa kaskazini mwa Amerika Kusini, mweusi mwenye ncha za miguu za rangi ya waridi. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ndege. Mchoraji Maria Sibylla Merian, aliyezuru Suriname kati ya 1699 na 1701, alimchora buibui wa aina hii akimla ndege mdogo katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1705. Mwingine ni Caribena versicolor wa kisiwa cha Martinique, ambaye huwa wa buluu angali mchanga, kisha akabadilika kuwa wa kijani na wekundu akomaapo. Tanzania nayo ina buibui wake wa mitini, Encyocratella olivacea, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka wa 1907.

Umbo la kizimba

Kanuni ya kwanza ni kwamba kizimba cha buibui wa mitini huhitaji kimo kuliko upana. Kwa buibui mzima ambaye miguu yake ikinyooshwa hufikia sentimita 12 hivi, kizimba cha kioo au plastiki ngumu chenye upana wa sentimita 20 kila upande na kimo cha sentimita 30 kinatosha. Buibui mchanga awekwe katika kopo dogo, kwani akiachwa katika nafasi kubwa huwa vigumu kwake kuyapata mawindo, na vigumu kwa mfugaji kujua iwapo amekula.

Mlango nao una umuhimu wake. Buibui hawa hufuma utando wao karibu na dari. Kizimba kinachofunguliwa kwa juu humlazimu mfugaji kuirarua nyumba ya mnyama kila anapotaka kumlisha, na humpa mnyama mwenyewe fursa ya kuchomoka. Kwa hivyo, mlango wa ubavuni ndio bora. Mfuniko wa wavu wa waya uepukwe, maana kucha za buibui huweza kunaswa humo.

Ndani ya kizimba, kipande cha gome la mti kisimamishwe kwa kuegemezwa ukutani ili kiache uwazi nyuma yake. Hapo ndipo buibui atakapojificha na kufuma. Matawi machache na majani, hata yawe ya plastiki, humpa mahali pa kushikiza nyuzi zake. Sakafuni panatosha makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye kina cha sentimita tano hivi. Udongo uliotoka shambani usitumiwe iwapo kuna shaka kwamba ulinyunyiziwa dawa ya kuua wadudu.

Hewa kwanza, unyevu baadaye

Kosa linalowaua wengi wa buibui hawa hutokana na nia njema. Kwa kuwa wanatoka misitu ya mvua, mfugaji huloweka kizimba maji na kuziba matundu ili unyevu usitoroke. Matokeo yake ni hewa nzito isiyosonga, ukungu sakafuni na buibui anayezidi kudhoofika. Msituni, juu mitini, mvua hunyesha lakini upepo nao huvuma.

Kutokana na hayo, matundu ya hewa yatobolewe katika kuta mbili zinazoelekeana, moja yakiwa chini na nyingine yakiwa juu, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Yawe madogo kiasi kwamba buibui hawezi kupenya. Baada ya hapo, maji yanyunyizwe kidogo upande mmoja tu, kisha upande huo uachwe ukauke kabla ya kunyunyiziwa tena. Kifuniko cha chupa kilichojazwa maji safi kiwepo daima. Desturi ya kale ya kutia sponji ndani ya maji haina faida, kwani sponji hugeuka makazi ya viini.

Kuhusu joto, kiwango cha kati ya nyuzi 22 na 28 za Selsiasi kinafaa. Taa ya kutia joto haihitajiki penye hali kama hiyo, na kamwe kizimba kisianikwe juani, kwani kioo hunasa joto na mnyama anaweza kufa kwa muda mfupi.

Chakula na kujivua gamba

Tarantula hula wadudu hai kama vile nyenje na mende wasiozidi ukubwa wa tumbo lake. Buibui mzima hutosheka na mlo mmoja kwa juma au zaidi. Masalio yaondolewe siku inayofuata ili yasilete ukungu na utitiri.

Buibui akikataa kula na kujifungia ndani ya utando wake, huenda anajiandaa kujivua gamba. Wakati huo asisumbuliwe, na mdudu yeyote hai atolewe kizimbani. Baada ya kujivua, mwili na meno yake huwa laini, na hata nyenje anaweza kumjeruhi. Mfugaji asubiri juma moja kwa buibui mchanga, na majuma mawili kwa aliyekomaa, ndipo ampe chakula.

Kila kizimba kiwe na buibui mmoja tu. Wengi wao hawasiti kuwala wenzao.

Hatari na sheria

Buibui wa mitini wa Amerika wana sumu hafifu kwa binadamu, ingawa manyoya yao huwasha ngozi na macho. Wale wa Asia na Afrika ni wepesi mno, na sumu yao ni kali. Kuumwa na buibui wa jenasi ya Poecilotheria wa India na Sri Lanka huweza kuleta maumivu na mikazo ya misuli kwa siku kadhaa. Hao si wa mtu anayeanza, na hakuna tarantula anayefaidika kwa kushikwashikwa.

Fauka ya hayo, mnunuzi ana wajibu wa kujua buibui wake ametoka wapi. Poecilotheria metallica, mwenye rangi ya buluu, anaishi katika eneo dogo la msitu huko Andhra Pradesh, India, na yumo katika hatari kubwa ya kuangamia. Tangu 2019, biashara ya kimataifa ya jenasi yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Aliyezaliwa kizimbani, na ambaye stakabadhi zake zipo, ndiye wa kununuliwa.

Nchini Kenya, viumbe wadogo nao wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Mnamo Mei 2025, mahakama ya JKIA iliwatoza watu wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha miezi 12, baada ya kukiri kupatikana na sisimizi hai kinyume cha sheria. Anayefikiria kumtoa buibui msituni, awe wa kufuga au wa kuuza, hana budi kwanza kuomba kibali kutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Buibui jike aliyetunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kizimba, basi, kitengenezwe na kujaribiwa kabla mnyama hajaletwa nyumbani.