Wenyeji Ndani ya Fort Jesus, 1696–1698

Waomani walipoizingira Fort Jesus, Mombasa, mwezi Machi 1696, wenyeji wengi wa pwani walikimbilia humo pamoja na askari wa Kireno. Tangu hapo raia na askari walitegemea chakula kile kile kilicholetwa kwa merikebu, na tauni iliyozuka mwaka 1697 haikuchagua mtu. Kapiteni Mreno alipofariki mwishoni mwa Agosti mwaka huo, uongozi ulishikwa na Bwana Daudi wa Faza. Yeye, jamaa zake na wanawake wa Kiafrika waliilinda ngome hadi msaada ulipofika Septemba. Ngome ilitekwa Desemba 1698. Basi, kuviita vita hivyo vya Wareno na Waomani tu ni kuwasahau wenyeji walioishikilia ngome.